Koti la Mama Nyigu

"Zima hiyo mashine," Chonjo alisema, akasimama mbele ya magurudumu.

Dereva wa trekta alimkodolea macho. Alikuwa ameshashusha jembe. Mbele yake lilianza shamba la mahindi, mahindi ya kufika kifuani, na upepo wa asubuhi ulikuwa ukiyasukuma huku na kuyarudisha kule, hauyapi nafasi ya kutulia.

"Afande, mimi nimetumwa."

"Na mimi nimetumwa. Zima."

Trekta likakohoa, likanyamaza.

Chonjo alikuwa sajini wa upelelezi. Jina lake la kwenye kitambulisho halikuwa na matumizi. Wenzake walimwita Chonjo kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona amekaa kitini akamaliza kikombe cha chai. Leo hata cha kuanza hakukianza. Mfanyakazi mmoja wa kituo cha utafiti wa kilimo alikuwa ameokotwa pembeni mwa shamba hili, povu mdomoni, mikono ikimrukaruka, hajijui hajitambui. Alikuwa amekimbizwa hospitali. Kazi yake ilikuwa kufuga nyigu, na kila mtu, hata mkubwa wake wa kazi, alimwita Mama Nyigu.

Mkubwa huyo ndiye aliyekuwa anakuja sasa mbiombio, tai imemrukia begani.

"Afande, tusizungushane," alisema mkuu wa kituo hata salamu hazijaisha. "Kesho nina wageni. Wanakuja kuona shamba lisilotiwa dawa hata tone, shamba linalolindwa na wadudu wenyewe kwa wenyewe. Sasa limetiwa dawa. Niwaonyeshe nini? Heri waone udongo."

"Nani katia dawa?"

"Mwenyewe. Muulize huyu."

Dereva alishuka kwenye trekta akifuta mikono kwenye suruali. "Nilimwona jana, jua linakaribia kuzama. Nilikuwa kule barabarani. Koti jeupe, kofia ya majani, bomba la dawa mgongoni. Alikuwa yeye."

"Ulimwona uso?"

"Niliona koti."

"Kwa hiyo shahidi wetu ameona koti." Chonjo akamgeukia mkuu. "Na wewe unasemaje?"

Mkuu alipunguza sauti. "Nyigu wake wameshindwa. Akaona aibu, akapuliza dawa kwa siri ili wageni wakute mahindi safi. Asubuhi roho ikamsuta, akanywa iliyobaki. Mambo haya hutokea, Afande. Tumuombee tu."

"Chupa iko wapi?"

"Atakuwa ameitupa."

"Mtu anayekata roho hana muda wa kufanya usafi."

Chonjo aliinamia mstari wa kwanza wa mahindi, akaingia. Hakuwa mkulima, lakini macho alikuwa nayo. Chini, katikati ya mistari, ardhi ilikuwa imetapakaa maiti ndogondogo. Vidudu vyekundu vyenye madoa meusi mgongoni vilikuwa vimelala chali. Buibui walikuwa wamekunja miguu kama ngumi. Vunjajungu mmoja alining'inia kwenye jani, mikono ameikunja vilevile kama aliye hai, lakini alipomgusa akadondoka. Njia ya sisimizi ilianza kwenye kichuguu, ikaenda vizuri, halafu ikakatika. Mbele ya hapo walikuwa wamekufa mmoja nyuma ya mwenzake, kila mmoja na mzigo wake.

"Hawa ni nani?" aliuliza bila kuinuka.

"Hao ndio jeshi letu," mkuu alijibu, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa. "Hao wekundu wanakula vidukari na mayai ya viwavi. Buibui wanakamata vinavyoruka. Sisimizi wanabeba viwavi wachanga. Na nyigu wa mama huyu ndio makamanda. Wanatafuta mayai ya kiwavijeshi, wanataga ya kwao ndani yake. Badala ya kutoka kiwavi, anatoka nyigu."

Chonjo aliinuka, akafungua kwa vidole majani machanga yaliyojiviringisha katikati ya mhindi. Ndani mlikuwa na unga wa kinyesi kama vumbi la mbao, na chini ya unga huo kiwavi mnene, kahawia, aliyejivuta polepole kukwepa mwanga. Akafungua mhindi wa pili. Kiwavi. Wa tatu. Kiwavi, tena amenona.

"Hawa mbona hawajafa?"

Mkuu alikunja uso. "Mchana kiwavi hujificha humo, kwenye moyo wa mhindi, amejifunika kinyesi chake. Ukitaka kumpata, unalenga moyo, mhindi mmoja baada ya mwingine. Aliyepuliza hapa..." Alitazama majani ya juu, yaliyokuwa na vidoa vya buluu kama mvua iliyokauka. "Huyu hakulenga. Amepunga tu, kama anayenyunyizia maji mbele ya duka."

"Askari wamekufa wote, wezi wako hai."

"Ndiyo. Na baada ya siku chache wezi hao watamaliza shamba hili na la jirani. Hakuna wa kuwazuia tena."

"Mama Nyigu hajui viwavi wanakaa wapi?"

Mkuu alitazama tena vidoa vya buluu majanini.

"Hapa kituoni nani hajui?"

"Hapa hata mpishi anajua, Afande."

"Basi aliyevaa koti si mtu wa hapa. Dereva, ukiwasha hilo trekta utalala nalo mahabusu."

Simu ikalia. Alikuwa daktari, mwanamke mwenye sauti ya haraka, na nyuma yake zilisikika kelele za vitanda vya magurudumu.

"Sajini, huyu mama hakunywa kitu. Tumesafisha tumbo, maji yametoka safi, mdomoni hana harufu. Sumu imeingilia kwenye ngozi. Shingo na mabega yamemwiva mekundu. Lakini nahitaji kujua ni sumu gani hasa. Dawa niliyo nayo kwa sumu nyingine inaponya, kwa nyingine inaongeza balaa. Sitaki kubahatisha."

"Hali yake?"

"Anavuta pumzi kwa kusaidiwa. Mumewe amekaa mlangoni tangu asubuhi, analia bila kukoma, jasho linamtiririka kama aliyekimbizwa. Namhurumia. Fanya haraka."

Chonjo alishaanza kutembea. "Koti lake liko wapi?" alimuuliza mkuu.

Banda la nyigu lilikuwa chumba kirefu chenye mwanga hafifu na joto la kutosha kumtoa mtu jasho akiwa amesimama. Vizimba vya wavu laini vilipangwa pande zote mbili. Mkuu alimwonya asiguse, ingawa wenyeji hawakuwa wa kutisha: walikuwa wadogo kuliko punje ya ufuta, hawana mwiba wa kumuuma mtu, wakitembea juu ya kadi zilizobandikwa mayai. Katika vizimba vya ukuta wa mbali wavu ulitikisika kwa uhai. Katika vizimba vilivyo karibu na mlango hapakuwa na kitu kilichocheza. Sakafu za vizimba hivyo zilionekana kama zimemwagiwa pilipili manga ya kusaga.

Juu ya vizimba hivyo, kwenye msumari, lilining'inia koti jeupe.

Chonjo alilitoa kwa kijiti, akaligeuza. Mgongoni, kuanzia ukosini hadi kiunoni, palikuwa na doa kubwa la buluu iliyopauka. Harufu ilimpiga puani, akarudi nyuma.

"Alilivaaje bila kunusa?"

"Ana mafua. Wiki nzima pua imeziba, anaongea kama yumo ndani ya mtungi. Na hapa ndani giza, huoni doa la mgongoni." Mkuu alikuwa amejishika kichwa. "Anaingia asubuhi, analivaa juu ya gauni la mikono mifupi, anafanya kazi kwenye hili joto..."

"Anaanza kuona kizunguzungu, analivua, analitundika, anatoka nje kutafuta upepo. Anaangukia shambani." Chonjo alilitia koti kwenye mfuko wa plastiki, akafunga fundo. "Mfuga kuku haingii bandani na kicheche begani. Angekuwa amepuliza yeye, koti hili lisingevuka kizingiti. Kuna mtu amelivaa jana akalirudisha. Nani anaingia humu?"

"Wafanyakazi. Na watu wa nyumbani kwao, hatuwezi kuwazuia."

"Nani hampendi?"

Jibu hilo halikuhitaji kufikiriwa. "Kiboko Yao."

Kiboko Yao alikuwa muuza dawa za kilimo, na jina hilo lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa duka lake. Tangu Mama Nyigu aanze kuwafundisha wakulima kutunza buibui wao, dukani alikuwa amebaki kufukuza nzi. Kwenye mkutano wa wakulima alikuwa ameapa mbele ya umma kwamba atamwonyesha mama huyo kazi.

Chonjo alimkuta anapanga chupa. Hakukaa kwenye kiti alichosogezewa.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Hapahapa. Afande, nimeshasikia. Mji huu hata ukipiga chafya wanakuletea habari kabla hujafuta pua. Sikumgusa yule mama."

"Uliapa utamwonyesha kazi."

"Maneno ya mkutanoni! Hata mke wangu naapa kumwonyesha kazi kila siku, na kila siku ndiye anayenionyesha yeye."

Chonjo alifungua mfuko. Muuza dawa alinusa mara moja, tabasamu likamkimbia. Alichukua glovu, akalivuta koti hadi mlangoni kwenye jua.

"Funga mdomo na pua, Afande. Hii ni ile dawa ya buluu ya mashamba ya pamba. Imepigwa marufuku zamani, mimi siiweki dukani hata kama dawa ya panya. Iliyobaki najua iko wapi: kwenye stoo ya nyuma ya kituo chao hukohuko, mapipa yanasubiri kuteketezwa, na kufuli ya stoo hiyo ilishakufa." Akataja jina la sumu, refu, la kuvunja ulimi. "Na aliyeitumia hakuichanganya na maji inavyotakiwa. Halafu mfuniko wa bomba hakuukaza, ikamchururikia mgongoni. Mimi kila siku nawaambia wateja: kaza mfuniko, lenga moyoni. Ningetaka kuua, ningeanza kwa kujiua mimi?"

Chonjo alishampigia daktari. Alitaja jina la sumu mara mbili, herufi kwa herufi, akasikia upande wa pili daktari akimwita muuguzi kwa sauti ya amri. Simu ikakatika.

Alibaki amesimama mlangoni, anapiga unyayo chini bila kujijua, macho kwenye koti. Jua lilikuwa limeliangukia sawasawa. Kwapani upande wa kulia, doa la buluu lilikuwa limeenea hadi kwenye mshono. Lakini mshono wenyewe...

"Una miwani ya kusomea?"

Muuza dawa akampa yake. Kitambaa hapo kilikuwa kimegeuka buluu. Uzi ulikuwa mweupe pepepe. Mshono ulikuwa umefumuka kwa urefu wa kiganja na kushonwa tena kwa mkono, kwa vishono vidogo vilivyolingana kama meno ya mtoto.

"Limechanika likiwa mwilini mwa mtu mwenye mabega mapana kuliko mwenye koti," Chonjo alisema polepole. "Doa likaingia. Halafu ndipo likashonwa, kwa sababu uzi haukupata rangi."

"Mwizi gani anashona alichochana?"

"Yule ambaye mikono yake haiwezi kuacha nguo imefumuka." Akarudisha miwani. "Mume wa Mama Nyigu anafanya kazi gani?"

"Fundi cherehani. Hii suruali ameshona yeye."

Njiani Chonjo alimpigia mkuu wa kituo, akauliza swali moja: wageni wa kesho walikuwa wanataka nini hasa?

"Wakiliridhia shamba, wanamchukua," mkuu alijibu. "Kuna kituo kikubwa, mbali, wanataka akaanzishe ufugaji wa nyigu wa nchi nzima. Ni heshima kubwa. Mumewe nilimpa habari mwenyewe juzi, alipomletea mkewe chakula. Huja kila siku, hata mlinzi hamuulizi. Nikampongeza."

"Alisemaje?"

"Alicheka, akasema Mungu akipenda."

Ukumbi wa hospitali ulikuwa umejaa watu waliosimama, waliochuchumaa, waliolala kwenye mabenchi. Fundi cherehani alikuwa kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango wa chumba cha wagonjwa mahututi. Alikuwa mtu mpana mwenye vidole vyembamba. Machozi yalimtiririka moja kwa moja, hata alipokuwa anajibu salamu. Shati lilikuwa limemganda. Mara kwa mara alimeza mate, na kila alipomeza yalijaa tena.

"Pole, shemeji," Chonjo alisema.

"Nimeshapoa, Afande. Mke wangu atapona?"

"Daktari ameshajua ni sumu gani. Ameanza tiba."

Fundi alifunga macho, midomo ikamcheza. "Alhamdulillahi."

"Kichwa kinakuuma?"

"Tangu jana. Ni mawazo."

"Jana mkeo alikuwa mzima, ulikuwa na mawazo gani?"

Chonjo alimwita daktari kwa mkono. Daktari akachuchumaa mbele ya fundi, akamwinua kidevu, akammulika kwa tochi jicho moja, kisha la pili. Ukumbini humo mwanga ulikuwa hafifu, na mboni za watu wote zilikuwa pana. Za fundi zilikuwa kama ncha za sindano. Hazikutikisika.

"Huyu naye ameingiwa na sumu ileile," daktari alisema. "Kidogo, lakini ni ileile. Na mimi nilidhani analia!"

"Analia pia," Chonjo alisema. "Nionyeshe mikono, shemeji."

Aliinyosha. Dole gumba na la shahada la mkono wa kulia, pale sindano inaposhikwa, palikuwa na kivuli cha buluu kwenye mikunjo ya ngozi, kisichotoka kwa sabuni.

"Ulivaa koti juu ya nguo zako nzito, ndiyo maana mwili ulikusamehe. Ila ulipokaa kulishona ulitumia mikono mitupu. Ungeliacha limechanika hivyohivyo, fundi, huenda ningekuwa bado namhoji Kiboko Yao."

Fundi alitazama vidole vyake kama vya mtu mwingine. Alipoanza kusema alisema chini sana, Chonjo akalazimika kuinama.

"Lingemharibikia. Angelivaa limefumuka mbele ya wageni. Mimi mumewe ni fundi, watu wangesemaje?"

"Ulikwishaharibu shamba lake, ukahofia koti?"

"Shamba nilitaka liharibike. Dawa niliitoa stooni, nilisikia tu kwamba inaua wale wadudu wake. Wageni wangekuta wamekufa, wangeondoka zao, yeye angebaki. Sikujua inapenya nguo. Wallahi sikujua. Kulifua sikuweza, lisingekauka hadi asubuhi, angeuliza."

"Na kwa nini koti lake? Ungeweza kwenda na shati lako."

"Ili nisijulikane."

"Ili ajulikane yeye. Dereva aliyekuona kutoka barabarani amesema ni yeye, na mkubwa wake ameshamhukumu. Kesho angeitwa mwongo mbele ya wageni, na mwongo hachukuliwi popote. Shamba pekee halikukutosha."

Muuguzi alipita akisukuma toroli, gurudumu moja likilia.

"Nilitaka abaki," fundi alisema. "Nyumba ile bila yeye mimi nitakaa na nani?"

Halafu akainama na kutapika kwenye sakafu, na daktari akapiga kelele kitanda kiletwe. Chonjo alimshika bega mpaka kitanda kilipofika. Alimfunga pingu mkono wa kushoto kwenye chuma cha kitanda, mkono wa kulia akauacha kwa ajili ya sindano ya daktari, akamwachia konstebo.

Mama Nyigu alifumbua macho alasiri. Daktari aliruhusu maneno machache tu. Chonjo aliyasema akiwa amesimama, bila kupamba: koti, shamba, nani, na kwa nini. Mwanamke yule mdogo alisikiliza akitazama dari. Mrija puani ulimfanya asiweze kugeuka.

"Yuko wapi?"

"Wadi ya wanaume. Chini ya ulinzi. Atapona, kisha atapelekwa mahakamani."

"Na nyigu?"

"Wa vizimba vya mlangoni wamekufa. Wa ukuta wa mbali ni wazima."

"Wasifunguliwe kwenye shamba lile. Sumu bado iko majanini." Alipumzika, akavuta pumzi. "Wapelekwe kwa jirani leo hii. Viwavi watahamia huko. Mwambie mkuu asisubiri."

"Nitamwambia. Mama, kuna swali moja nalihitaji kwa ajili ya kesi. Mumeo aliwahi kukuuliza kama utakwenda huko mbali?"

"Aliuliza. Juzi, tunakula."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia sijaamua. Alidhani namficha. Lakini kweli nilikuwa sijaamua. Nilikuwa nahesabu: nyigu hawa, au mtu ambaye kila mchana ananiletea chakula kwa miguu ili kisipoe." Machozi yalimtoka, na safari hii hakuna aliyehitaji tochi. "Angenipa siku mbili tu, Afande. Mimi mwenyewe ningekataa."

Chonjo aliangalia saa, akaangalia mlango, miguu ikimvuta.

"Hao wageni," Mama Nyigu alisema, "wanakuja kesho?"

"Asubuhi."

"Waletwe hapa kitandani."

"Shamba limekwisha, mama. Utawaambia nini?"

"Nitawaambia nimeamua kwenda."